Jinsi ya Kufundisha Mabadiliko ya Tabianchi katika Masomo Mbalimbali bila Kuongeza Somo Jipya

Kila mara walimu wanapoagizwa kuingiza mabadiliko ya tabianchi na uendelevu katika masomo yao, maswali hurudi yale yale. Nitavipata wapi vipindi vya ziada? Mimi si mwalimu wa sayansi, nitasema nini? Hisabati na barafu inayoyeyuka wapi na wapi? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi hata nikaona heri niyaandike. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa lugha, na mwongozo huu nimemwandikia mwalimu asiye mtaalamu wa tabianchi, mwenye mtaala uliojaa na muda mfupi, ambaye anataka kuanza muhula ujao pamoja na mwenzake mmoja au wawili.

Jambo moja lieleweke mapema kwa kuwa hatua zote zinalitegemea: huongezi mada, unabadilisha mfano. Mwalimu wa hisabati anayefundisha uwiano ataendelea kufundisha uwiano; kitakachobadilika ni kwamba badala ya kugawa machungwa ya kubuni, darasa litakokotoa maji yanayopotea kwenye bomba la shule. Mwanafunzi akitoka kwenye kipindi hicho anajua mengi kuhusu maji lakini hajui uwiano, kipindi kimeshindwa.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu vifuatavyo, na usianze kabla ya kupata vitatu vya kwanza.

- Muhtasari wa somo lako na azimio la kazi la muhula mzima, pamoja na maazimio ya walimu utakaoshirikiana nao.
- Mwenzako angalau mmoja wa somo lingine aliye tayari kukaa nawe saa mbili za kupanga. Wawili walio tayari ni bora kuliko kumi walioagizwa.
- Ruhusa ya mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, hasa ikiwa wanafunzi watatoka darasani kupima vitu.
- Themometa mbili au tatu, rula, mizani, silinda ya kupimia ujazo, na kopo lenye pande zilizonyooka la kukingia mvua.
- Daftari moja la kumbukumbu litakalokaa mahali pamoja na kutumiwa na masomo yote.
- Takwimu za mvua na halijoto za eneo lako kutoka kwa mamlaka ya hali ya hewa, za miaka 30 ikiwezekana.

Projekta, intaneti ya kasi na fedha za mradi si lazima. Nimeona mipango mingi ikisubiri projekta hadi muhula ukaisha.

Hatua za kufuata

1. Soma muhtasari wako upya ukiwa na kalamu.

Pitia mada zote za muhula na uziweke katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni mada ambazo tabianchi tayari imo ndani yake, kama vile mzunguko wa kaboni katika baiolojia au angahewa katika jiografia. Kundi la pili ni mada zinazokubali mfano wa tabianchi bila kulazimishwa: asilimia, grafu, uandishi wa ripoti, mapinduzi ya viwanda, nguvu ya umeme. Kundi la tatu ni mada zisizohusika, na hizo uziache. Mwalimu anayejaribu kuingiza tabianchi katika kila mada huwachosha wanafunzi, naye huishia kusema maneno yale yale yasiyo na uzito. Mada mbili kwa muhula katika kila somo zinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

2. Chagueni swali moja la pamoja.

"Mabadiliko ya tabianchi" si swali, ni kichwa cha habari. Tafuteni swali ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa kupima, kusoma na kuuliza: Maji tunayotumia shuleni yanatoka wapi, mangapi yanapotea, na yatatosha mvua zikibadilika? Au: Madarasa yetu yanapata joto kiasi gani saa nane mchana, na ni nini kinachoweza kulipunguza? Swali zuri lina jibu ambalo hata ninyi walimu hamlijui bado.

3. Kubalianeni istilahi na takwimu.

Hatua hii hurukwa na wengi, kisha mwanafunzi husikia maelezo matatu yanayopingana kutoka kwa watu watatu anaowaamini. Andikeni ukurasa mmoja ambao kila mwalimu atakuwa nao. Hali ya hewa ni kinachotokea angani leo au wiki hii. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo na mabadiliko yake kwa muda mrefu, ambao kwa desturi ya wataalamu ni miaka 30. Gesijoto ni gesi zinazozuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda anga za juu: hewa ukaa (kaboni dioksidi), methani, mvuke wa maji na nyinginezo. Kupunguza ni kuzuia gesijoto zisizidi kuongezeka. Kuhimili ni kujipanga kuishi na mabadiliko yanayokuja. Kuhusu uendelevu, maana iliyoenea zaidi ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe, kwamba ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao.

Takwimu chache zitoshe. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kuipima mfululizo katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa takriban 316, wa mwaka 2014 takriban 399, na wa mwaka 2024 takriban 425. Joto la uso wa dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi.

Tahadhari: tenganisheni mapema suala la tabianchi na lile la ozoni, tabaka la gesi la juu angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Wanafunzi wengi, na watu wazima pia, huamini kwamba dunia inapata joto kwa sababu "ozoni imetoboka". Kupungua kwa ozoni ni tatizo jingine, lililosababishwa hasa na kemikali zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, nalo lilishughulikiwa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Mwalimu mmoja akikosea hapa, wenzake watatumia muhula mzima kurekebisha.

4. Gawaneni kazi kwa tarehe.

Chukueni karatasi kubwa, mchore majuma ya muhula kwa mlalo na masomo kwa wima, kisha kila mmoja aandike atafundisha nini na lini. Katika jaribio letu la kwanza hatukufanya hivyo. Tulikuwa walimu watatu wenye ari, na sote watatu tulieleza namna gesijoto zinavyonasa joto ndani ya majuma mawili yale yale, kila mmoja kwa mchoro wake ubaoni. Siku ya tatu mwanafunzi wa dawati la mbele aliniuliza, kwa adabu kamili, kama angeweza kunichorea yeye ili niokoe muda.

Mpangilio unaofaa ni kwamba somo moja hueleza chanzo cha mabadiliko ya tabianchi mara moja na vizuri, na mengine hulitegemea. Vipimo vitangulie, hesabu zifuate, kisha maelezo ya kisayansi, na mwisho uandishi na mjadala. Lugha ikitangulia, wanafunzi wataandika wasiyoyajua.

5. Andika andalio la somo ambalo umahiri wake ni wa somo lako.

Kabla ya kuandika kitu kingine chochote, jaza sehemu ya umahiri mahususi kwa maneno ya muhtasari wako, bila kutaja tabianchi. Ikiwa huwezi, mfano uliouchagua si wa somo lako. Ifuatayo ni mifano niliyoiona ikifanya kazi; mingine nimeieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi.

Hisabati. Anza na bomba linalovuja. Weka silinda ya kupimia chini yake mwanzo wa kipindi na uiondoe mwisho. Tuseme linadondosha tone moja kila sekunde: katika dakika 40 ni matone 2,400, na kwa kuwa takriban matone 20 hufanya mililita moja, silinda itaonyesha karibu mililita 120. Sasa uwiano unaingia wenyewe. Siku ina vipande 36 vya dakika 40, hivyo maji yanayopotea ni mililita 4,320, yaani zaidi ya lita nne kwa siku kutoka kwenye bomba moja ambalo kila mtu hulipita bila kugeuza shingo. Waache wanafunzi wakadirie kwanza na waandike makadirio yao, kwa maana mshangao wa tofauti ndio unaowafanya warudie hesabu kwa hiari.

Kwa madarasa ya juu tumia takwimu za Mauna Loa kufundisha mteremko wa mstari. Kutoka 1959 hadi 2024 hewa ukaa iliongezeka kwa 109 katika miaka 65, wastani wa takriban 1.7 kwa mwaka. Kutoka 2014 hadi 2024 iliongezeka kwa 26 katika miaka 10, yaani 2.6 kwa mwaka. Uliza swali moja tu: je, mstari ulionyooka unatosha kuieleza grafu hii? Darasa litakuwa linajadili mabadiliko ya kasi kabla halijajua jina lake.

Baiolojia. Chukua grafu ile ile ya hisabati, lakini yenye vipimo vya kila mwezi. Inapanda kwa kupinda kama meno ya msumeno: kila mwaka hewa ukaa hufika kilele mwezi Mei kisha hushuka, kwa sababu mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia, ambako ndiko kwenye nchi kavu kubwa zaidi, huifyonza kwa usanisinuru majira ya joto yanapofika. Hakuna njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba misitu hupumua.

Kemia. Mlinganyo wa uunguaji wa oktani, mojawapo ya kemikali zilizomo katika petroli, unatosha: molekuli 2 za oktani na 25 za oksijeni hutoa molekuli 16 za hewa ukaa na 18 za maji. Gramu 114 za oktani hutoa gramu 352 za hewa ukaa. Darasa litapinga, gesi itawezaje kuzidi uzito wa mafuta yaliyoungua mara tatu? Usikimbilie kujibu. Jibu, kwamba oksijeni iliyotoka hewani imeongeza uzito, ndilo kiini cha kanuni ya uhifadhi wa maada, na hapa mwanafunzi analifikia kwa kubisha.

Fizikia. Nguvu na nishati ya umeme hufundishika kwa balbu mbili. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 hutumia watisaa 300. Ya LED ya wati 10 hutumia 50. Tofauti ya watisaa 250 kwa siku ni kilowatisaa 91 na ushei kwa mwaka. Kwa mada ya mnururisho, eleza kwamba mwanga wa jua hupita hewani kwa urahisi, na dunia iliyopata joto hutoa mionzi ya infraredi, ambayo naitrojeni na oksijeni huiacha ipite lakini hewa ukaa na mvuke wa maji huifyonza.

Jiografia. Hapa ndipo penye chanzo, na mwalimu wa jiografia ndiye aeleze kwa ukamilifu. Kazi yake kubwa zaidi ni kuwafanya wanafunzi waache kusema "leo kuna joto, tabianchi imebadilika".

Historia. Mapinduzi ya viwanda tayari yamo katika muhtasari. Ongeza historia ya ugunduzi wenyewe, ambayo ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani aliweka gesi mbalimbali katika silinda za kioo juani na akaona kwamba ile yenye hewa ukaa ilipata joto zaidi na ilichelewa kupoa. Akadokeza kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto zaidi. Utafiti wake ulisomwa na mwanamume, Joseph Henry, mbele ya mkutano wa wanasayansi. Mwaka 1859 mwanasayansi John Tyndall wa Ireland alianza kupima kwa vifaa bora namna gesi zinavyofyonza joto, na kwa muda mrefu sifa zote zilikuwa zake. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alikokotoa ni kiasi gani joto lingebadilika hewa ukaa ikiongezeka. Swali la historia lililomo humu ni zuri kwa madarasa ya juu: kwa nini jina moja likumbukwe na jingine lisahauliwe, na ni ushahidi gani ungetuwezesha kujua?

Lugha. Nitakiri kosa langu. Mara ya kwanza niliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Mabadiliko ya Tabianchi", nikasahihisha madaftari 40 ambayo karibu yote yalianza kwa kusema kwamba mabadiliko ya tabianchi ni tatizo kubwa linaloikabili dunia yetu ya leo, yakamalizia kwa kuwataka watu wote wapande miti. Hakukuwa na kosa la sarufi la kutisha, wala hakukuwa na mtu ndani ya insha hizo. Muhula uliofuata nilibadilisha kazi: mwandikie fundi au msimamizi wa majengo barua rasmi, umweleze ni bomba lipi linalovuja, linapoteza kiasi gani kwa siku, ulipimaje, na unaomba nini kifanyike. Ghafla kulikuwa na nambari, mahali, muda na ombi. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba bomba la tatu kutoka mlangoni "halivuji usiku kwa sababu usiku maji hayatoki", na sentensi hiyo ilimlazimu mwalimu wa hisabati kuzirekebisha lita zake nne.

Kazi nyingine inayofaa ni mahojiano. Kila mwanafunzi amhoji mtu aliyeishi eneo hilo zaidi ya miaka 40 kuhusu misimu ya mvua anayoikumbuka, aandike kwa usemi halisi kisha kwa usemi wa taarifa, na majibu yalinganishwe na rekodi za mvua. Kumbukumbu na rekodi zikitofautiana, usiamue haraka nani amekosea. Kopo la kupimia hujumlisha mvua yote, ilhali mkulima hukumbuka siku ilipoanza na siku ilipokatika.

Uraia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi wa mwaka 1992 uliweka kanuni ya wajibu wa pamoja unaotofautiana, yaani nchi zote zinawajibika lakini si kwa kiwango kimoja, na Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yakaitaka kila nchi itangaze mchango wake katika kukabili mabadiliko hayo. Lakini anza na jambo dogo: shuleni ni nani mwenye mamlaka ya kuagiza bomba litengenezwe, na fedha zinatoka fungu gani?

Masomo mengine sitayaeleza kwa urefu. Sanaa inaweza kuchora michirizi ya rangi, mmoja kwa kila mwaka, bluu kwa mwaka wa baridi na nyekundu kwa wa joto, kwa mtindo ulioenezwa na mwanasayansi wa tabianchi Ed Hawkins mwaka 2018. TEHAMA iingize vipimo vya daftari katika lahajedwali. Michezo ipime joto la uwanja kabla ya mazoezi na ipange saa kwa kufuata kipimo hicho.

6. Fanya kila jaribio wewe mwenyewe siku moja kabla.

Jaribio linalofaa madarasa yote ni la barafu. Chukua bilauri mbili zinazolingana. Katika ya kwanza tia maji na uyaache mabonge matatu ya barafu yaelee. Katika ya pili weka jiwe linalotokeza juu ya maji, na mabonge matatu yanayolingana na yale ya kwanza uyaweke juu ya jiwe. Baada ya barafu kuwekwa, weka alama ya usawa wa maji kwa kipande cha utepe. Barafu ikiisha kuyeyuka, maji ya bilauri ya kwanza yatakuwa pale pale, na ya pili yatakuwa yamepanda. Ndiyo maana barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland ambayo yote ikiyeyuka ingeinua bahari kwa takriban mita 7, hutia wasiwasi kuliko barafu inayoelea.

Sehemu nyingine ya kupanda kwa bahari hutokana na maji kutanuka kwa joto. Jaza chupa ya kioo maji yenye rangi hadi pomoni, ipige kizibo chenye mrija, kisha iingize katika maji ya moto. Usishtuke maji ya mrija yakishuka kidogo mwanzoni; kioo hupata joto na kutanuka kabla ya maji yaliyomo ndani. Subiri, yatapanda.

Tahadhari: liepuke lile jaribio mashuhuri la chupa mbili chini ya taa, moja ikiwa na hewa ya kawaida na nyingine ikijazwa hewa ukaa kutoka kwa siki na magadi. Mara nyingi chupa ya pili hupata joto zaidi kweli, lakini sababu kubwa ni kwamba hewa ukaa ni nzito na haichanganyiki kwa urahisi na hewa inayoizunguka, si kwamba imenasa mionzi. Jibu huwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mwanafunzi hodari atakuumbua.

7. Fundisha kwa kuanza na kinachoonekana.

Dakika kumi za kwanza ziwe za kupima au kutazama kitu kilichopo. Dunia nzima ije baadaye. Kipindi kinachoanza na picha ya barafu ya mbali humfundisha mwanafunzi kwamba jambo hili ni la wengine.

Wakati huohuo usizidishe uhusiano usiokuwepo. Bomba linalovuja halisababishi mabadiliko ya tabianchi, nawe usidai hivyo. Lipo kwa sababu kusukuma na kusafisha maji hutumia nishati, na kwa sababu mvua zisipotabirika kila lita inakuwa na thamani zaidi. Sema hivyo tu, kisha uendelee.

8. Funga mzunguko kwa kitendo kinachopimika.

Kabla ya muhula kuisha, darasa lifanye badiliko moja lenye kipimo cha kabla na baada: bomba limetengenezwa na silinda imewekwa tena, dirisha limewekewa kivuli na themometa imesomwa saa ile ile kwa siku kumi. Upandaji wa miti nauheshimu, lakini mche uliopandwa kwa picha na kuachwa bila mtu wa kuumwagilia huwafundisha wanafunzi somo ambalo hukulikusudia. Mkipanda, andikeni katika daftari la pamoja ni nani anamwagilia wakati wa likizo.

9. Sahihisha kwa vigezo vya somo.

Mwalimu wa lugha atoe alama za muundo, hoja na ufasaha. Wa hisabati, za njia na usahihi. Usimpe mwanafunzi alama kwa kuonyesha uchungu wa mazingira, wala usimpunguzie kwa kutouonyesha. Wakijua kwamba maneno fulani yanampendeza mwalimu, watayaandika.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Mkuu wa shule anasema hakuna muda. Usimpelekee maelezo ya umuhimu wa tabianchi, kwa maana hayapingi. Mpelekee andalio lako, umwonyeshe kwamba umahiri, mada na idadi ya vipindi ni vile vile vya azimio la kazi, na kilichobadilika ni mifano na zoezi.

Vipimo vya wanafunzi havionyeshi mabadiliko yoyote. Havitakiwi kuonyesha. Miezi mitatu ya kupima mvua ni hali ya hewa, si tabianchi. Viweke kando ya takwimu za miaka 30 na uulize vinaangukia wapi. Kipimo kisicho na habari ya kusisimua nacho kiandikwe, kwani mwanafunzi anayeruhusiwa kuacha vipimo "vibaya" anajifunza kudanganya.

Makundi mawili yamepima kitu kimoja na kupata majibu tofauti. Kagua kwanza mahali pa themometa. Iliyoachwa juani husoma joto la jua lililoipiga, si la hewa; inatakiwa kuwa kivulini, mahali penye hewa inayopita, mbali na ukuta.

Jaribio la barafu limegoma. Kama maji ya bilauri ya kwanza yamepanda, barafu haikuwa ikielea, ilikuwa imegusa chini au imekwama pembeni. Kama ya pili hayakupanda, jiwe lilikuwa fupi na barafu ilikuwa ndani ya maji tangu mwanzo, au ilitereza kutoka juu ya jiwe kabla hujaweka alama.

Mwanafunzi anabisha kwamba tabianchi imebadilika siku zote. Ni kweli, na umwambie hivyo. Kisha umwulize ilibadilika kwa kasi gani na kwa sababu zipi, na umpe kazi ya kulinganisha. Akibisha kwa ushahidi mruhusu aendelee mbele ya darasa. Akibisha kwa mzaha, mpe silinda aende bombani.

Wanafunzi wameingiwa na hofu au huzuni. Hutokea hasa walimu wawili wakifundisha majanga siku moja. Angalieni karatasi yenu ya majuma na mtenganishe vipindi hivyo, na kila kinachoeleza madhara kifuatwe ndani ya juma hilo hilo na kinachoeleza jambo linalofanyika. Ozoni ni mfano mzuri hapa, kwa kuwa nchi zilikubaliana, kemikali zikaondolewa, na tabaka hilo linaendelea kujirudi.

Mzazi analalamika kwamba mnaingiza siasa. Mwonyeshe daftari la mwanawe. Likiwa na vipimo, hesabu na barua kwa fundi, mazungumzo huwa mafupi. Likiwa na kaulimbiu tu, huenda mzazi ana hoja.

Mwenzako amehamishwa katikati ya muhula. Hili lilinikuta. Sehemu yake usijaribu kuibeba mwenyewe. Ikate, na umwachie atakayekuja ukurasa wa istilahi, karatasi ya majuma na daftari la kumbukumbu. Mwalimu mgeni aliyepokea vitu hivyo vitatu kwetu alianza juma lililofuata, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa ni kwa nini bomba la tatu limeandikwa mara mbili.